Sauti Hii ni ya Nani?

Ukitaka kuielewa akili mnemba, anza na nyimbo mbili za mwaka 2023. Katika “Now and Then” ya bendi ya The Beatles, kompyuta yenye akili mnemba iliichambua kaseti ya zamani, ikaitenga sauti halisi ya John Lennon wa bendi hiyo na mlio wa piano. Katika “Heart on My Sleeve”, akili mnemba iliigiza sauti za wanamuziki Drake na The Weeknd, ambao hawakuimba hata neno moja. Kule ilisafisha sauti iliyokuwepo. Huku ilibuni isiyokuwepo. Zisikilizeni nyumbani au kijiweni, kisha mjadili: nani aombwe ruhusa, na nani alipwe? Mjadala huu si wa wasanii peke yao, maana hata sauti yako yaweza kuigwa. Tupigie simu, tukusikie.