Fedha ya Nyumbani na Sanduku la Kufuli Tatu

Mazungumzo kwa masheha, waalimu na wenyeji wa vijiji vya kandokando ya msitu wa Jozani



Tumetakwa kusema nanyi juu ya matumizi ya fedha nyumbani. Jambo hili laonekana dogo, maana kila mtu hununua mchele na mafuta kila siku, wala hakuna aliyepelekwa shule kufundishwa kununua. Lakini sisi twasema kwamba nyumba nyingi hazianguki kwa kukosa fedha kabisa. Huanguka kwa kuwa fedha iliyoingia haikuwekewa mahali pake, na fedha isiyo na mahali humfuata yule aliyetangulia kuiomba. Hilo ndilo neno letu la leo. Mengine yote ni matawi yake.

Kwanza tutazame fedha yetu hutujiaje. Mtu wa mshahara aijua siku yake, naye aweza kupanga mwezi mzima kabla haujaanza. Wengi wetu wa kusini na mashariki ya Unguja hatupati hivyo. Mwanamke wa mwani, yaani kilimo kilichoanza kwa biashara katika pwani yetu ya mashariki mwaka 1989, hufuata maji ya bamvu, nayo huja mara mbili kwa mwezi. Na mwani alioufunga leo atauvuna baada ya kiasi cha wiki sita. Mvuvi wa Chwaka hupata siku moja, akakosa tatu, na kusi ikivuma kwa nguvu huketi pwani akishona nyavu zake. Mkulima wa Pete, wa Kitogani na wa Cheju hungoja mvua, kisha hungoja mavuno. Hata kijana aliyepata kazi hotelini ajua kwamba masika wageni hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga milango.

Basi fedha yetu hujaa na kupwa kama bahari. Lakini tumbo halijui bamvu wala maji mafu. Mtoto huugua usiku wowote, na shule hufunguliwa mwezi wa Januari, mwani uwe umekauka au haujakauka. Kazi ya mwenye nyumba ni kuyazuia maji ya siku za kujaa, yapate kumfaa siku za kupwa. Asiyefanya hivyo ana milango miwili tu ya kukimbilia, na yote miwili ni ya hasara.

Mlango wa kwanza ni deni la dukani. Hatumlaumu mwenye duka. Yeye naye ana mtaji wake, na anayechelewa kumlipa humzuia kununua bidhaa nyingine. Lakini tufanye hesabu. Tuseme kilo ya mchele kwa fedha taslimu ni Sh. 3,000, na kwa deni la wiki mbili ni Sh. 3,300. Mtu husema, “Mia tatu ni kitu gani?” Nyumba yake ikila kilo 15 katika wiki hizo mbili, amezidisha Sh. 4,500. Mwaka mmoja una vipindi 26 vya namna hiyo. Basi kwa mwaka amezidisha Sh. 117,000, wala hakula hata punje moja zaidi ya jirani yake alinunuaye kwa taslimu. Fedha hiyo ingetosha kununua madaftari na viatu vya watoto. Imetoka mia tatu mia tatu, bila kelele, na mwenyewe hana habari.

Mlango wa pili ni msitu. Mtu aliyekwama huchukua shoka. Hukata kuni za kuuza, huchoma makaa, hupeleka magogo kwenye tanuri la chokaa, au huingia mikokoni katika ghuba ya Chwaka kukata boriti. Jioni ana fedha mkononi, naye hudhani kwamba hakukopa kwa mtu. Amekopa. Amekopa kwa watoto wake, wala hakuwauliza. Wahenga walisema, “Haba na haba hujaza kibaba,” tena wakasema, “Bandu bandu huisha gogo.” Maneno haya mawili ni ndugu: kidogo kidogo hujenga, na kidogo kidogo hubomoa. Tangu mwaka 2004 msitu wa Jozani pamoja na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa, na sehemu ya fedha wanayolipa wageni wajao kuwatazama kima punju hurudi vijijini. Lakini fedha hiyo hufanya mambo ya watu wote. Hailipi deni la mtu mmoja dukani. Kwa hiyo sheria peke yake haitalinda msitu, ikiwa nyumba zilizouzunguka hazina akiba.

Msidhani kwamba udhaifu huu ni wa maskini tu. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba, watu waliohesabiwa kuwa na mali, walikuwa wamezama katika madeni. Walikopa kwa kutazamia karafuu za msimu ujao. Bei ikashuka, na deni likabaki palepale. Hata mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitoa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipite mikononi mwa watu wengine bila idhini. Mikarafuu ilikuwa mingi, wala haikuwaokoa. Mavuno ya kesho yakiliwa leo, kesho huja mikono mitupu.

Sasa tuseme habari ya dawa, na dawa hii haikutoka mbali nanyi. Shirika la CARE lilikuwa limeanza katika nchi ya Niger, mwaka 1991, kuwafundisha wanawake wa vijijini njia ya kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe. Shirika hilohilo lilisaidia kazi ya kuhifadhi Jozani, na njia ile ikaletwa katika vijiji hivi, ili watu wapate pengine pa kukimbilia pasipo shoka. Msaada wa mradi ulikwisha, lakini vikundi havikufa. Chama cha JOCDO, kilichozaliwa hapahapa Jozani, kiliendelea na kazi ya kuvilea, na wanavikundi wenyewe wakawafundisha wengine. Wataalamu walikuja kutazama, na mwaka 2007 wakachapisha habari za vikundi vya Unguja, wasomaji wa nchi nyingine wapate kujifunza. Kwa hiyo jambo tunalowaambia si ngeni. Wengi wenu mwalijua. Twataka tu wale ambao hawajaingia waelewe sababu ya kila kipande chake.

Watu 15 hata 30 wanaojuana hukutana kila wiki, siku moja, saa moja, mahali pamoja. Kila mtu hununua hisa, tangu moja hata tano, kwa bei waliyoiafiki wote. Hisa zake hupigwa mhuri katika kitabu chake kidogo, hata asiyejua kusoma aweza kuhesabu mihuri. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya watu wote, hutiwa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu wa nyumba mbalimbali. Mwenye kulilaza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Wengine hukasirika na kusema, “Je, hatuaminiani?” Twajibu: kufuli haziwekwi kwa sababu ya mwizi tu. Huwekwa ili mtu mwema asijaribiwe, na asisingiziwe.

Anayetaka kukopa huomba mbele ya wote na kutaja haja yake, wala hapewi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kando yake pana mfuko mdogo wa maradhi na misiba. Mwaka ukiisha, sanduku hufunguliwa, kila mtu hupewa fungu lake kwa kadiri ya hisa zake, kisha huanza upya. Ni vema siku ya kugawana iwe karibu na kufunguliwa kwa shule, au kabla ya Ramadhani, fedha ipate kukutana na haja yake njiani.

Tuseme hisa moja ni Sh. 2,000, na Bi Fulani hununua hisa mbili kila wiki. Kwa wiki 50 ameweka Sh. 200,000. Kama angeitunza fedha hiyo chini ya godoro, twajua yangalimpata mambo gani: mjomba angalikuja na shida yake, na mchuuzi wa vitenge angalipita mlangoni. Fedha iliyo sandukuni humpa jibu la adabu: “Nisamehe mjomba, fedha ipo kikundini hata siku ya kugawana.” Si uongo, wala si uchoyo.

Lakini msichanganye jambo hili na upatu. Upatu ni mchezo mzuri wa wazee wetu, nao hufaa kwa mtu atakaye kununua kitu kimoja kikubwa. Ila anayepokea mwisho hungoja muda mrefu, na ugonjwa haungoji zamu. Tena wako wanaosita kuingia kikundini kwa kuogopa riba. Neno hili si la kudharauliwa. Kikundi chaweza kuafikiana kukopeshana bila nyongeza yoyote, au kufanya biashara kwa mtaji wa wote na kugawana faida. Waulizeni wanavyuoni wenu kabla ya kuandika kanuni, si baada ya kugombana. Na atakaye benki, Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina tangu mwaka 2011 huduma zinazofuata sheria ya Kiislamu.

Nyumbani nako kuna kazi yake. Twawapa maneno manne ya kushika.

La kwanza: andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwezi mmoja tu andikeni kila kilichoingia na kila kilichotoka, hata chai ya barazani. Mwezi ukiisha hamtahitaji mtu wa kuwahubiria.

La pili: wekeni kwanza, tumieni baadaye. Mtu asemaye, “Nitaweka kitakachobaki,” hatabakiwa na kitu. Siku ya kuuza mwani au samaki, hisa itengwe kabla ya fedha kufika dukani.

La tatu: mke na mume wasemezane. Mali ya mke ni ya mke, kila mtu ajua hivyo. Lakini nyumba ambayo mume hajui deni la mke, wala mke hajui deni la mume, ina wadai wawili na haina mpango hata mmoja.

La nne: sherehe ilingane na mfuko. Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ni ya siku mbili tatu. Deni lake laweza kumkuta mtoto atakayezaliwa katika ndoa ile.

Tena twawaonya juu ya faida ya ghafula. Mwaka 2009 serikali ilisimamisha mchezo wa DECI huko Bara, ambao watu waliitwa “kupanda mbegu” za fedha na kungoja kuvuna maradufu. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata walipoteza. Mtu akikuambia kwamba fedha yako itazaa mara mbili kwa miezi michache, muulize italimwa shamba gani. Akikosa jibu, ondoka.

Na simu pia itazameni. Tangu mwaka 2008 huduma za fedha kwa simu zimeingia Tanzania, nazo zimetupunguzia safari nyingi za mjini. Lakini namba ya siri ni ufunguo. Asiupewe mtu, hata akijiita mkubwa wa kampuni. Na mkopo wa simu upatikanao kwa kubonyeza tu ni rahisi kuuchukua kuliko kuulipa. Kikundini watu 25 hukuuliza, “Wataka fedha ya nini?” Simu haiulizi, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mwisho, twasema na ninyi masheha na waalimu. Sheha asishike sanduku wala ufunguo. Heshima yake itawafunga watu midomo siku hesabu itakapopungua. Kazi yake ni kusuluhisha. Mwalimu na awafundishe watoto hesabu ya mchele tuliyoifanya leo, waende nayo nyumbani wakaifanye mbele ya wazazi wao. Na mwenye duka aalikwe kikundini, maana mteja mwenye akiba ni mteja alipaye.

Akiba haiozi, jamaa zetu. Wiki ijayo bamvu litarudi, na mwani utauzwa. Kabla ya siku hiyo, kila nyumba na iamue ni shilingi ngapi zitakazokwenda sandukuni. Asiye na kikundi na atafute majirani 15 anaowaamini, kisha awaendee wanavikundi wa jirani wamfundishe. Hao wapo karibu nanyi.