Redio, Filamu na Hali ya Moyo Wako

Leo tunaongea juu ya jambo unalofanya kila jioni bila kulifikiria: kuchagua wimbo, kipindi au filamu kulingana na hali ya moyo wako.

Tuseme umetembea kwa miguu kutoka Industrial Area hadi Laini Saba, Kibera, na umelipwa nusu ya pesa mlizopatana. Ukifika nyumbani hutaki mjadala wa siasa. Unatafuta rumba ya taratibu. Rafiki yako wa Gatina, kule Kawangware, amekaa siku nzima bila kibarua. Yeye anataka filamu ya mapigano.

Mwaka 1984, wataalamu wa Marekani, Jennings Bryant na Dolf Zillmann, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Wanafunzi wengine walipewa kazi ya kuchosha akili, wengine maswali magumu ya kuwatia wasiwasi. Kisha wakaachiwa runinga. Waliochoshwa walipendelea vipindi vya kusisimua. Wenye wasiwasi walitazama vipindi vya utulivu kwa muda mrefu kuliko wenzao.

Wasiwasi hula fikira zako. Kichekesho kikizishika fikira hizo, wasiwasi hukosa chakula kwa muda. Lakini kodi ya nyumba itakungoja kipindi kikiisha. Burudani hukupumzisha, haikulipii deni.

Tena, si kila kipindi hutuliza. Mtu mwenye hasira akisikiliza maneno ya hasira, ni kama kuongeza makaa kwenye jiko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilipowaka moto, Pamoja FM, iliyoanza mwaka huohuo, ilitumia matangazo yake kuwasihi wakazi wadumishe amani. Kilichosemwa redioni kilikuwa na uzito.

Basi ufanye nini? Kwanza, kabla ya kufungua redio au simu, jiulize: nina huzuni, hasira au nimechoka tu? Pili, jiulize tena baada ya nusu saa. Ikiwa moyo umezidi kuwa mzito, badilisha au uzime. Tatu, kumbuka watoto. Katika chumba kimoja cha mabati, unachosikiliza wewe wanakisikiliza wote, hata jirani.

Ukiwa na msiba na unapenda nyimbo za huzuni, usione haya. Nyingi hutufanya tujue hatuko peke yetu. Lakini ikiwa huzuni imedumu wiki mbili au zaidi, hulali vizuri, huli, na hata muziki uliokuwa ukiupenda haukugusi tena, huenda huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, umweleze mhudumu wazi. Na ukipata mawazo ya kujiua, usingoje wiki mbili: mwambie mtu unayemwamini leo hii, akusindikize hospitali.

Jitunze, na umtunze jirani.