Amana ya Nyaraka Zetu: Tuiweke Ghala Gani?



Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, mafuriko ya Oktoba 2019 yalitukumbusha kwamba maji yaingiapo nyumbani hayabagui nguo na bahasha ya hati. Leo wengi wetu huzipiga picha hati za kimila za mashamba, stakabadhi za madeni na wasia, kisha picha hizo hubaki katika simu moja. Simu ikiibwa, zote zimekwenda. Ni busara, basi, kuweka nakala katika ghala la mtandaoni. Je, ghala lipi?

Kwanza, tusihadaiwe na ukubwa. Google hutoa bure gigabaiti 15, OneDrive 5, na Dropbox 2. Nyaraka za familia hazifiki hata 2. Kinachojaza ghala ni video.

Pili, kulandanisha si kuhifadhi. Faili lililolandanishwa likifutwa katika kompyuta, hufutika kila mahali. Google Drive hulibakiza kwenye kapu la taka siku 30 tu.

Tatu, tuulize ufunguo anao nani. MEGA humwachia mteja ufunguo wake: akipoteza nywila pamoja na ufunguo wa akiba, hata kampuni haiwezi kumfungulia. Google huweza kumsaidia aliyesahau, lakini nayo huwa na uwezo wa kufungua. Tena, kwa kanuni iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023, huweza kuifuta akaunti isiyotumika miaka 2. Hata hivyo, mwenye akaunti anaweza kumteua mapema mtu wa kukabidhiwa faili zake. Basi kwa wengi wetu Google Drive yatosha, maadamu mrithi ameteuliwa.

Nne, tusitegemee ghala moja. Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga Megaupload, na wenye faili halali wakazikosa pamoja na wengine. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Kwa hiyo hati ya asili ibaki kabatini, nakala ya pili iwe kwenye flashi kwa ndugu wa mji mwingine, ya tatu mtandaoni.

Ndugu zangu, tumeamrishwa kuandika madeni yetu. Lakini maandishi yasiyopatikana siku ya haja hayamfai mdai, wala mjane, wala yatima. Anayefariki na nywila kifuani huenda akazikwa na haki za watu.

Wabillahi tawfiq.