Nafasi Tupu Ndani ya Kompyuta

(Hotuba ya mwanachama, mtumishi wa Serikali, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kigoma)



Nimepewa dakika kumi kusema juu ya kompyuta. Nitasema juu ya kitu kimoja tu: zile nafasi ndefu za kuchomekea kadi kwenye mazabodi, ambazo mafundi huziita sloti. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mwaka 1981, kule Marekani, IBM ilitoa kompyuta ya mezani yenye sloti 5, ili mwenye mashine akihitaji kazi mpya aongeze kadi, asinunue mashine nyingine.

Sloti za PCI, zilizoletwa na Intel mwaka 1992, zilikuwa kama Reli ya Kati: njia moja, treni moja ingoje nyingine stesheni. Kadi zote ziligawana megabaiti 133 kwa sekunde. PCI Express ya mwaka 2003 iliipa kila kadi njia zake, kila njia megabaiti 250 kwa kila upande, na matoleo ya baadaye yamezidi sana hapo. Alama x1, x4 na x16 ni hesabu ya njia hizo. Sloti ya x1 ina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, ya x16 karibu tisa. Kadi ya x1 hufanya kazi hata katika sloti ya x16. Lakini kadi ya PCI haiingii katika PCI Express, hata uisukume vipi. Majina yasiwadanganye.

Katika ofisi moja niliyoitumikia, radi iliunguza tundu la waya wa mtandao katika kompyuta 6. Vingine vyote vilikuwa vizima. Zikaagizwa kadi Dar es Salaam, zikasafiri kilomita zaidi ya 1,200, zikafika za PCI; mashine zina PCI Express. Aliyeandika hati ya manunuzi hakufungua kifuniko. Muuzaji akakataa kuzipokea, na mashine zikakaa stoo miezi minane. Zilipoletwa kadi za x1, zote zilirudi mezani siku moja.

Sasa, shuleni hapa zipo mashine 4 zenye ugonjwa huohuo, na nasikia zimeandikwa za kutupwa. Jana nilizifungua. Tatu zina sloti ya x1 iliyo tupu. Ya nne ni ya kasha jembamba, nayo ina sloti, ila kibati cha kawaida hakitaenea. Itakiwe kadi yenye kibati kifupi. Naomba zisitupwe.

Vijana, kabla ya kugusa, chomoeni waya wa umeme, kisha shikeni chuma cha kasha ili umeme tuli uwatoke mwilini.

Ndugu Mwenyekiti, vipimo nimemwachia Mwalimu Mkuu kwa maandishi. Mashine moja iko pale mezani, kifuniko kimeondolewa. Kidato cha tatu wasogee kwanza. Sisi wazee tutafuata na miwani yetu.