Hoja ya Kanuni, Hoja ya Mifano

Leo tunazungumzia namna mtu anavyojenga hoja hadi ukakubali.

Siku ya soko pale Ngaramtoni, muuza mbegu za maharage atakwambia: "Fulani alipanda, shemeji yake akapanda, wote wamejaza magunia." Anakusanya mifano, kisha anakupa kanuni. Muulize: ni mashamba mangapi, na yako wapi? Matatu yaliyo kando ya mfereji hayasemi lolote kuhusu shamba lako la mlimani kusikofika maji.

Njia nyingine huanza na kanuni ambayo msikilizaji ameshaikubali. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi hiyo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mwakilishi wao, alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwatetea. Kanuni ilikuwa hii: mkataba wa Umoja huo wa kuiweka Tanganyika chini ya udhamini uliitaka Uingereza iheshimu haki za wenyeji katika ardhi. Wameru ni wenyeji; basi kuwahamisha ni kuvunja mkataba. Ukikubali misingi hiyo miwili, hitimisho huna pa kulikwepea. (Waingereza walijaribu.)

Hata hivyo, ardhi haikurudishwa kwa kura. Azimio la kutaka irudishwe lilikosa theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu la Umoja huo.

Basi kwenye mkutano ujao wa kijiji, kabla hujanyoosha mkono, mtake msemaji akuoneshe kanuni yake au akutajie mifano yake.