Thamani Ipi Hufuatwa?

Shikeni kalamu na daftari zenu, na aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo.

Mwuza chai hutia sukari vijiko viwili katika kila kikombe. Ndiyo desturi yake. Lakini ukimwambia, "Mimi kimoja tu," atatia kimoja. Desturi yake haikufutwa, ila neno lako limeishinda kwa kikombe hicho. Leo hatupimi sukari, tunahesabu kompyuta.

Siku hizi mtu huweza kukodi kompyuta zilizo mbali, akalipa kwa muda anaozitumia. Badala ya kuziagiza moja moja, huandika katika faili anachotaka, kisha programu husoma na kutekeleza. Programu moja ya kazi hiyo ni Terraform, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014. Ndani ya faili tunaandika jina, tuseme idadi, na thamani yake ya kawaida, tuseme 2. Thamani hii ni dhaifu kuliko zote. Hufuatwa pasipo neno jingine.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nilitaka kompyuta 3 za kufundishia. Nikaweka 3 katika mazingira ya kompyuta yangu, kwa jina TF_VAR_idadi, nikaona yatosha. Zikaja 20! Kwa nini? Katika folda ile mlikuwa na faili liitwalo terraform.tfvars, nililoliandika kwa kazi nyingine nikalisahau, nalo lilisema 20. Faili hilo huishinda thamani ya mazingira. Bili ilipokuja, ilikula fedha za darasa.

Yako na mafaili yenye nguvu zaidi, ambayo majina yake huishia .auto.tfvars. Yakiwa mawili, husomwa kwa kufuata alfabeti, na la nyuma hushinda. (Mnaona faida ya kujua a, b, ch!) Lakini yenye nguvu kupita zote ni thamani uiandikayo katika amri yenyewe, hivi: -var="idadi=3". Ukiiandika mara mbili katika amri moja, ya mwisho ndiyo hufuatwa.

Walakini thamani ya amri haikai. Kesho ukitoa amri bila kuitaja, programu itarudi kwenye faili. Faili likisema 1, itavunja kompyuta 2 kati ya zile 3, huenda pamoja na kazi za watu zilizomo.

Kabla ya kutenda, programu huonyesha ni vingapi vitaongezwa, vitabadilishwa na vitavunjwa, kisha huuliza kama unakubali. Siku ile iliandika 20 waziwazi. Mimi nikajibu yes bila kusoma.

Haya, zoezi. Thamani ya kawaida ni 2. TF_VAR_idadi ni 5. Faili terraform.tfvars linasema 4. Amri haikutaja kitu. Je, zitakuja kompyuta ngapi? Andikeni jibu katika daftari, mkamwonyeshe mwalimu wenu. Kwaherini.