Mawe ya Kalenga
Dominika ya 31 ya Mwaka C (Lk 19:1-10)



Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto Yordani, yasimamishwe Gilgali, ili siku moja watoto waulize maana yake (Yos 4). Kazi ya jiwe la kumbukumbu ndiyo hiyo: mtoto aulize, na mzazi ajibu kweli.

Leo tuondoke kwa fikra hapa Sapiwi, twende Kalenga, karibu na Iringa. Hapo Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijenga ngome yake ya mawe. Hata jina Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Mwezi Agosti 1891 watu wake walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akapigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. (Kujiua Kanisa halikusifu, lakini huruma ya Mungu si sisi tuipimayo.) Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliagiza fuvu hilo lirudishwe katika muda wa miezi sita. Ikapita miaka 35. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alimkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, pale pale Kalenga, na leo limo katika makumbusho ya mahali hapo.

Na Songea je? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha huko kwa maovu ya vita vya Maji Maji. Hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ulikuwa ungali ukiulizia kichwa chake.

Sasa mtazameni Zakayo. Alimkaribisha Bwana kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo akasimama akataja mali: nusu kwa maskini, na kwa aliowadhulumu mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo.

Mwezi huu wa marehemu wote tutaleta bahasha zenye majina ya wafu wetu. Wengine wamewajengea ndugu zao makaburi mazuri ya saruji, yenye msalaba na tarehe. Vema. Ila yupo aliyemjengea nduguye kaburi la namna hiyo, huku shamba la pamba la mjane na ng'ombe wa yatima wamo mkononi mwake. Atasema ni mila, kwa kuwa mahari ilitoka kwenye ukoo. Mwenzangu, mila ya wazee ilimpa msimamizi wa yatima mzigo wa kuwalisha. Wewe umechukua ng'ombe, mzigo umeuacha mlangoni kwa mjane. Bwana wetu aliwakemea vikali waliopamba makaburi ya wenye haki (Mt 23:29).

Nanyi makatekista, mtakapopokea bahasha hizo, yasomeni majina taratibu mbele ya mwenye kuleta. Kisha mwulizeni kwa upole, pasipo watu: mjane wa marehemu huyu analima wapi msimu huu?